Sura ya Saba: Sanduku la Kasian

Kasian, msimamizi wa wafyatua matofali, alikuwa amekwisha kula viapo vitatu kabla hajaombwa hata kimoja, na hilo peke yake lingetosha kumtia shaka mpelelezi yeyote. Lakini Sajini Asukile alikuwa amechoka, na siku ile alitamani kumwamini mtu, awe nani awaye.

Walikuwa wamesimama kwenye uwanja wa matofali chini ya mji wa Iringa, karibu na Ruaha Ndogo. Ilikuwa Julai ya mwaka hamsini na sita, na baridi ya asubuhi ilikuwa bado inauma vidole. Asukile alitoka Mbeya kwa basi, akila vumbi kutwa nzima, kumtafuta mfyatua matofali mmoja aitwaye Anyitike, kijana wa Tukuyu, aliyepotea tangu mwezi wa pili. Mwenye tanuru alisema kijana amekimbilia migodi ya shaba ya Kopabelti kama wenzake. Sekela, mkewe, alisema Anyitike haendi hata kisimani bila kuaga.

Huyo Sekela ndiye aliyemkosesha Asukile usingizi. Wakwe zake walikuwa wamemkataza kulia. Mume yu hai, walisema, kumlilia ni kumchimbia kaburi. Na kama amekufa, tuonyeshwe. Basi mwanamke akakaa katikati, hana mume wala hana matanga. Kila Jumatatu alishuka Mbeya akaketi barazani pa kituo cha polisi, hasemi neno, mpaka Inspekta akaona aibu. "Safari moja, Asukile," Inspekta alisema. "Ukirudi mikono mitupu nafunga jalada."

Safari yenyewe ilianza vibaya. Njiani alishuka Rujewa kwa sababu mtu alidai kumwona Anyitike kwenye mashamba ya mpunga. Alimkuta kweli Anyitike, mzee mwenye jicho moja, aliyefurahi sana kutembelewa na serikali.

"Haya, Kasian," Asukile alisema. "Turudi Jumapili ile aliyopotea Anyitike. Nani alibaki hapa?"

"Sisi wawili tu, Bwana Sajini. Wengine walienda misa. Yeye ni Mmoraviani, akabaki anachimba udongo pale kwenye ukingo. Mimi nikabaki napanga sanduku."

Sanduku ndilo jina walilolipa wenyewe lile rundo la matofali yaliyokwisha kuchomwa, yanayopangwa pande nne sawasawa yakimngoja mnunuzi. Likikamilika hukandikwa udongo pande zote, mvua isiingie. Lile la mwezi wa pili lilimngoja mnunuzi mpaka mwezi wa sita, kwa kuwa masika yalikata barabara na lori halikupita. Sasa mahali pake palikuwa peupe, na mbwa wa manjano alikuwa amejilaza katikati yake, pua chini. Kasian aliokota bonge la udongo akamtupia. Mbwa akaondoka, akazunguka, akarudi pale pale.

"Asubuhi ile sanduku lilikuwa limefika kiunoni," Asukile alisema. "Wenzako wawili wameniambia. Waliporudi jioni likawa limekwisha na limekandikwa."

"Mimi ni mtu wa kazi."

"Ndani yake angeweza kulala mtu."

Kasian alicheka kwa dharau ya fundi aliyeulizwa kama anajua kushika mwiko. "Bwana Sajini, uliza mji mzima. Hii sanduku ya Kasian haina tundu hata ya panya. Napanga kwa kamba. Mstari na mwenzake sawa, tabaka na mwenzake sawa, mpaka juu, tambarare kama meza. Haipungui tofali, haizidi tofali. Mtu utamweka wapi?"

"Ulipanga ngapi kwa ngapi?"

"Nani anakumbuka? Mimi napanga, sihesabu."

"Na yote yalipakiwa? Hakuna lililobaki au kuvunjika, wala lililoongezwa kutoka kwingine?"

"Hata moja. Tanuru halijawaka tena tangu siku ile, hayo mengine yangetoka wapi? Naapa kwa Mungu," akasema Kasian, na hicho kikawa kiapo cha nne.

Asukile alimpa mkono akaondoka. Njiani kupanda mjini alijiambia kwamba labda ni kweli. Kama sanduku lilikuwa zima, basi Anyitike aliondoka kwa miguu yake, na Sekela ana mume mahali fulani, hata kama ni mume asiye na adabu. Alilitaka sana jambo hilo liwe hivyo.

*

Matofali yalikuwa yamenunuliwa kwa ajili ya darasa jipya la parokia, juu ya kilima ambako lori haliwezi kufika. Yalimwagwa chini, yakapandishwa na wanawake kwa vichwa. Msimamizi wao alikuwa Mama Severina, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Umekuja kutusaidia kubeba au kutuangalia?"

Asukile akamweleza alichotaka: idadi. Severina akamwonyesha chungu kikubwa kilichofunikwa kwa ungo. Kila mwanamke aliyepita na mzigo, alieleza, alitupia humo punje za maharage kwa idadi ya matofali aliyobeba, na yeye akiwa amekaa palepale kama askari wa geti. Kazi ilipokwisha punje zilihesabiwa na watu wawili mbalimbali, kila mmoja kivyake, mafungu ya kumi kumi. Yaliyovunjika njiani yalipandishwa vipande vyake pamoja, punje moja.

"Na mlipata ngapi?"

"Elfu tisa mia sita na moja."

"Na moja?"

"Na moja. Mbona umekunja uso? Tulihesabu mara mbili."

Matofali yalikuwa yametandazwa nyuma yake. Asukile aliinama akageuza moja, halafu jingine. Wafyatuaji wa pale walikuwa na desturi ya kutia alama kwenye udongo mbichi kabla haujakauka, kila mtu yake, ili kazi yake isichanganyike na ya mwenzake. Kuna aliyekwaruza msalaba, kuna aliyechora jani. Ya Anyitike aliijua kwa kuambiwa na Sekela: vidole gumba viwili vilivyobonyezwa pamoja. Aliyakuta mengi. Aliweka kidole chake katika shimo moja, akakitoa upesi.

"Mama Severina, haiwezekani punje moja ilianguka chunguni bila tofali? Mtoto akacheza?"

"Mtoto gani angenikaribia mimi?" alisema Severina, na Asukile aliona kwamba hilo lilikuwa kweli tupu.

*

Kituoni Iringa walimpa meza na kipande cha chaki. Aliandika namba ile juu ya meza, 9,601, akaitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na habari asizotaka kuzisikia.

Jambo lenyewe ni jepesi, mtoto wa shule angelielewa. Sanduku lililopangwa kama Kasian anavyoapa, mistari sawa na matabaka sawa, lina urefu, lina upana na lina kimo. Zidisha tatu hizo, unapata idadi ya matofali. Basi na idadi nayo lazima ikubali kugawanyika: lazima iwepo namba, mbali na moja na yenyewe, inayoigawa bila kuacha baki. Kama ipo, Kasian huenda anasema kweli. Kama haipo, sanduku lile halikuwa zima, na lilikuwa na uwazi ndani yake.

Na ingalikuwa 9,600, ah! Hiyo ilikuwa namba ya kupendeza, laini kama ugali wa moto. Arobaini kwa ishirini, kwenda juu kumi na mbili. Thelathini kwa ishirini, kwenda juu kumi na sita. Sanduku zuri kabisa, limejaa, na Anyitike yuko migodini anakunywa pombe. Lakini Severina alisema na moja.

Akaanza kugawa. Mbili hapana, tatu hapana, tano hapana. Saba ikabakiza nne. Kumi na moja ikabakiza tisa. Mvua isiyo ya majira ilianza kugonga bati, na Asukile aliendelea, akiruka namba zisizo na haja, maana kisichogawika kwa mbili hakigawiki kwa nne. Kumi na tisa ikabakiza sita. Ilipofika ishirini na tisa ilielekea kuisha yote, halafu chini kabisa ikabaki mbili. Alilaani kwa Kinyakyusa. Hakuwa amemwomba Mungu kuhusu hesabu tangu mtihani wa darasa la nane, na sasa aliomba kwa kila mgao: iingie, iingie yote, isibaki kitu.

Haikuingia. Arobaini na moja, sitini na saba, themanini na tisa, zote ziliacha makombo yake mezani. Ya mwisho ilikuwa tisini na saba, ikabakiza tisini na tano. Hapakuwa na haja ya kuendelea, kwa kuwa tisini na nane mara tisini na nane inapita namba yenyewe, na kama ingekuwapo namba kubwa ya kuigawa, pacha wake mdogo angekwisha kuonekana. Mwalimu wake wa misheni aliziita namba tasa. Asukile aliweka chaki chini. Sasa lilibaki tumaini moja, nalo lilikuwa dogo kama punje ya haragwe: kwamba Mama Severina amezidisha moja.

*

Mzee Othmani, dereva wa lori, alikuwa barazani kwake karibu na msikiti akinywa kahawa. Wazee wake walitoka Bagamoyo, na hakuacha mtu asahau.

"Shikamoo, Mzee Othmani."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa. Uso huo umefiwa?"

"Bado sijui. Yale matofali ya parokia, ulibeba mangapi?"

"Safari kumi na mbili, kila safari mia nane. Zaidi ya hapo gari langu hulia, nami silipendi lilie."

Asukile alipiga hesabu. Kumi na mbili mara mia nane ni elfu tisa mia sita. Kamili! Alikaribia kumkumbatia mzee wa watu.

"Na moja," Othmani akasema, akipuliza kahawa.

"Moja gani?"

"Lilikuwapo moja lililobaki, liko peke yake katikati ya pale palipokuwa na sanduku. Nikamwambia Kasian, tupia tu nyuma. Akakataa kulishika. Akasimama kando kana kwamba ni nyoka. Nikaliokota mwenyewe, nikaliweka miguuni pangu, na tulipofika nikapanda nalo kilimani, nikamkabidhi yule mama mkononi. Lina alama ya vidole viwili hivi. Kwani vipi, mwanangu? Mbona hunywi?"

Asukile alikunywa, kwa adabu. Kahawa ile hakuisikia ladha yake.

*

Kesho yake alirudi uwanjani na askari wawili wa Iringa. Hakumfunga Kasian pingu. Alimwita pembeni, akaweka chini matofali saba.

"Wewe fundi. Nipangie sanduku kwa haya. Lisipungue, lisizidi."

Kasian aliyatazama, akachuchumaa. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe: matatu, na matatu juu yake, moja likabaki. Akayabomoa. Mawili, mawili, mawili, moja likabaki. Akajaribu tena, na jasho likaanza kumtoka, ingawa baridi ilikuwa kali.

"Haikubali," alisema.

"Ongeza moja."

Aliongeza, yakakaa manne juu ya manne, safi.

"Ondoa mawili." Yakakaa matatu juu ya matatu.

"Saba ndiyo kaidi," Asukile alisema. "Ziko namba kaidi nyingi, ndogo na kubwa. Sanduku lako lilitoa elfu tisa mia sita na moja. Nimejaribu kila njia, Kasian. Nimejaribu kuliko ungejaribu wewe. Namba hiyo haiwezi kufanya sanduku, labda uyapange mstari mmoja kutoka mtoni hadi sokoni. Sasa niambie ulifanyaje."

Ilikuwa nafasi yake. Angesema tu, lilizidi moja, Bwana Sajini, nilisahau. Asukile hangekuwa na la kujibu. Ukweli ni kwamba alimwomba moyoni aseme hivyo. Sema lilizidi, alimwomba, nami nitapanda basi leo nimwambie yule mwanamke mumewe ni mhuni. Kasian alifungua kinywa. Akaitazama mikono yake, akalitazama lile tofali la saba, na Asukile aliona jambo la ajabu: mtu anashindwa kusema uongo mdogo wa kumwokoa shingo kwa kuwa ulihusu kazi yake.

"Langu halizidi," Kasian alisema polepole. "Nilipanga arobaini kwa ishirini na moja, kwenda juu kumi na mbili. Sawasawa. Katikati niliacha nafasi."

"Nafasi ya nani?"

"Ukingo ulimwangukia. Mimi ndiye niliyemwambia achimbe kwa chini, udongo wa chini ni mzuri. Mwaka jana alikufa mwingine vilevile, na Bwana Shauri wa wilaya alisema akifa mtu tena, uwanja unafungwa na msimamizi anafungwa. Nina watoto, Bwana Sajini. Nilimfukua, nikamvuta, nikampangia."

"Alikuwa amekufa?"

Kasian alianza kuyapanga tena yale matofali.

"Nakuuliza, ulipompangia matofali, alikuwa amekufa?"

"Sikusikiliza kama anapumua," Kasian alisema.

Askari mmoja aligeuka akatazama mtoni.

Yaliyosalia yalitoka vipande vipande. Mwezi wa nne mbwa walianza kukwaruza udongo wa sanduku. Kasian alifungua ubavu wake, akamtoa aliyekuwamo, akampeleka Ruaha mto ukiwa umefura. Kisha akapanga ubavu tena kama ulivyokuwa, na uwazi akauacha, kwa kuwa hakuwa na matofali ya kuujaza. Asukile na askari walitembea kando ya mto siku tatu. Walituma habari mpaka Ruaha Mbuyuni. Wavuvi wa huko walisema masika yale mto ulipitisha miti mizima na ng'ombe, na hakuna aliyetazama zaidi.

Kasian alipelekwa mahabusu. Kabla ya kupanda basi Asukile alikwenda kilimani kwa Mama Severina kuomba tofali lile moja. Severina alilijua, alikuwa ameliweka kando. Akalifunga kwa gunia, na safari hii hakupaza sauti.

*

Sekela alikuwa barazani pa kituo cha Mbeya, mahali pake pa siku zote. Alimwona Asukile anashuka na gunia kwapani, akasimama, halafu akaketi tena.

"Sema tu, kaka."

Akasema. Hakuficha ukingo, wala sanduku, wala mto. Lile neno la mwisho la Kasian tu ndilo alilomeza, na atalimeza mpaka mahakamani. Sekela alisikiliza akiwa amekaza macho kwenye gunia.

"Nani alimwona akiwa humo ndani?"

"Hakuna. Nilijua kwa hesabu, kabla Kasian hajakiri." Akamweleza, kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza, jinsi namba ile ilivyokataa kugawanyika.

"Mifupa yake je?"

"Hatukupata. Nimekuletea hili." Alifungua gunia. "Ndilo lililozidi. Ni la mkono wake."

Sekela alilipokea mapajani. Akaweka gumba lake katika alama moja, halafu gumba jingine katika ya pili. Alama zilikuwa kubwa kuliko vidole vyake.

"Hili lisingekuwapo," alisema, "ungekuja kuniambia nini?"

Asukile alifikiri kumdanganya. "Ningekuja kukwambia yu hai. Yangekuwa elfu tisa mia sita, na hiyo inagawanyika. Ningemwamini Kasian."

"Na sasa hili ninalo mimi. Huko yamebaki mangapi?"

"Elfu tisa mia sita."

"Yanagawanyika?"

"Yanagawanyika, dada."

Sekela alilikumbatia tofali kifuani kwa mikono yote miwili, vumbi jekundu likamwagikia nguoni.

"Basi niambie yu hai," alisema.

Asukile hakuweza. Inspekta alitoka ofisini kuuliza habari za safari, akawaona, akarudi ndani. Ndipo Sekela alipoinamisha kichwa juu ya tofali na kuanza kulia, kwa sauti kubwa, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.